Misaada ya kilimo na uhifadhi ya serikali hapa Lamu yapatikana wapi hasa? Nimezunguka afisi tatu

#1 ShambaHindi
Salaam wadau. Nina ekari nne upande wa Hindi, Lamu bara. Ekari moja na nusu ni mahindi na kunde, moja ni simsim, iliyobaki ni mikorosho ya marehemu baba na miembe michache. Kila siku redioni nasikia mbolea ya ruzuku, mbegu, miche ya bure, fedha za tabianchi, fidia ya wanyamapori. Wiki iliyopita nikaamua kuyafuata mwenyewe. Afisi ya kwanza niliambiwa hayo ni ya kaunti. Ya pili wakasema la, hayo ni ya serikali kuu, nenda kwa chifu. Ya tatu nikaulizwa, "Uko kikundi gani?" Siko kikundi chochote. Nilirudi nyumbani na kikaratasi kimoja chenye nambari ya simu, na simu yenyewe haishikwi.

Naomba anayejua anieleze: mlango ni upi? Na niseme ninavyoamini mimi, kwamba misaada hii haikupangwa imfikie mkulima mdogo aliye peke yake. Kama nimekosea nisahihisheni.

#2 MwanaMpeketoni
Pole kaka. Tatizo lako ni usajili tu. Machifu na manaibu wao waliandikisha wakulima nchi nzima, majina yakaingizwa kwenye mfumo wa KIAMIS, yaani daftari la kompyuta la serikali la wakulima. Huchukuliwa jina, nambari ya kitambulisho, simu, ukubwa wa shamba na unachopanda. Ukiwa mle, ujumbe wa mbolea huja kwenye simu, nawe wenda kulipa na kuchukua. Usipokuwa mle, hata ukizunguka afisi kumi hakuna wa kukusaidia. Mfuko wa kilo 50 ni shilingi 3,500.

#3 Kijana Hongwe
@MwanaMpeketoni hiyo 3,500 ni bei ya Septemba 2022 ruzuku ilipotangazwa, wakati madukani mfuko ulikuwa umepita 6,000. Tangu Agosti 2023 ni 2,500. Mtu asije akatozwa elfu zaidi kwa kutojua.

Nyongeza kuhusu usajili: laini iwe ya kwako mwenyewe. Ami yangu aliandikishwa kwa nambari ya kijana wake kwa sababu yeye simu yake ilikuwa imeharibika. Kijana akaenda Mombasa, laini ikapotea. Misimu miwili mzee anasubiri ujumbe ambao unaenda pasipojulikana.

#4 Nahodha wa Faza
Nyinyi mwazungumza kama kwamba Lamu yote ni bara. Sisi wa kisiwa cha Pate ujumbe waja, na bei ni hiyo hiyo. Lakini mfuko uko bara. Uutoe ulipo hadi Mokowe, uupakie botini, uvuke Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda mwaujua, maji yakitoka hapapitiki, mwangoja yajae. Ufike Faza, kisha punda au pikipiki hadi shambani. Mimi mwaka jana nilipiga hesabu kwenye kipande cha boksi: nauli yangu kwenda na kurudi, nauli ya mfuko, mpagazi gatini mara mbili. Mfuko wa ruzuku ulinifikia kwa bei ya mfuko wa dukani. Tena nilikuwa nimepoteza siku mbili za kuvua.

Kwa hiyo usajili si sababu. Sababu ni ndia. Wangeweka bohari moja kisiwani, hata dogo, yeo tusingekuwa na uzi huu.

#5 Bwana Shamba Mstaafu
Hamjambo. Nimefanya kazi ya ugani miaka mingi kabla na baada ya ugatuzi, nami naona kila mmoja hapo juu ameshika kipande.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa kaunti kilimo cha mashambani, mifugo na uvuvi, serikali kuu ikabaki na sera. Kuanzia 2013 sisi maafisa tukawa wa kaunti. Lakini pesa na miradi havikugawanyika kwa mstari ulionyooka, na hapo ndipo mwananchi hupotelea. Ukitaka kujua mlango, uliza kwanza kitu chenyewe ni kipi.

Mbolea ya ruzuku ni ya serikali kuu, na njia yake ni chifu. Mbegu za msimu, trekta la bei nafuu na ushauri wa shambani ni vya kaunti, na njia yake ni afisa wa kilimo wa wadi. Msitu na mikoko ni Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Wanyamapori ni Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Halafu iko miradi ya mkopo wa Benki ya Dunia, ambayo serikali kuu hupokea, kaunti hutekeleza, na kikundi ndicho hunufaika. Mmoja ni KEMFSED, ulioanza 2020 kwa kaunti za pwani kuhusu uvuvi na riziki za wakaazi, uliza kwanza kama bado haujafungwa. Mwingine ni FLLoCA, wa kukabili mabadiliko ya tabianchi, ambao una kamati za wadi. ShambaHindi, kila afisi uliyoingia huenda haikukudanganya. Kila moja ilikujibu kwa kitu chake, na hakuna aliyekaa nawe dakika tano akakuuliza wewe wataka nini. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yetu.

Jambo jingine. Watu hutafuta mbegu mvua ikishaanza. Mbegu za masika ijayo huamuliwa kwenye makaratasi mapema mno. Sheria ya fedha za umma ya 2012 yaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na mwaka wa fedha wenyewe huanza Julai inayofuata. Kijiji ambacho hakikutajwa kwenye mpango ule, mwakilishi wadi aweza kukiahidi lolote, lakini pesa yake haipo.

#6 Mama Korosho
Shukran Bwana Shamba, umeeleza. Lakini mimi naungana na ile afisi ya tatu: ni kikundi. Mwanangu ShambaHindi, usiudhike ulipoulizwa.

Sisi tulianza wanawake saba chini ya mkorosho wangu, tukiweka shilingi hamsini kila Ijumaa. Tulipokwenda kujiandikisha tukaambiwa hatutoshi. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022 yataka watu kumi kwenda juu. Tukatafuta, tukawa kumi na wanne. Wakataka katiba, kumbukumbu za mkutano, majina na nambari za vitambulisho, na viongozi waliochaguliwa. Cheti tukakipata kwa afisa wa maendeleo ya jamii, kisha tukafungua akaunti ya benki.

Kilichotuokoa ni daftari. Kila mkutano twaandika tarehe, waliokuja, waliotoa, na kila aliyekuwepo aweka sahihi, asiyejua kuandika aweka dole gumba. Walipokuja watu wa mradi, hawakutaka kuona shamba kwanza. Walisema, "Leteni daftari." Wakalifungua ukurasa kwa ukurasa, kurasa nyingine zina madoa ya chai na wino wa madole, wakasema hawa wapo kweli. Vikundi viwili jirani vilikuwa na cheti kipya lakini daftari limeandikwa kalamu moja, mwandiko mmoja, siku moja. Waliachwa.

Sisi tulipata mafunzo ya kupogoa na kubadilisha mikorosho mizee kwa kuunganisha vikonyo, na miche.

#7 Sabaki Mashariki
Natokea Malindi, ng'ambo ya mto. Mama Korosho, heshima kwako, lakini nyinyi mnayo ardhi. Huku kwetu wengi twaishi kwenye mashamba ya watu ambao hatujawahi kuwaona uso. Babu yangu kazikwa hapo, nami sina hati. Kaunti yetu ya Kilifi tuna mradi wa NAVCDP, wa kuwainua wakulima na mazao yao, vikundi vipo na vyasaidiwa. Lakini nilipoomba miche ya maembe ya kisasa, afisa mmoja aliniuliza hati ya shamba au barua ya mwenye shamba. Mwenye shamba nitampata wapi? Mahindi ya miezi mitatu naweza kupanda popote. Mti wa miaka hamsini ni jambo jingine.

Ndiyo maana kila mradi wa kuhifadhi udongo huku haushiki. Mwambie mtu achimbe makinga-maji na kupanda miti kwenye shamba ambalo kesho atafukuzwa. Sababu ya kweli ni ardhi, mengine ni matawi.

#8 MwanaMpeketoni
@Sabaki Mashariki pole sana kwa hilo, lakini kwa usajili wa mbolea hati haiulizwi. Mpangaji huandikishwa, hata anayelima kwa ndugu yake. Na huku Mpeketoni tuna hati tangu mpango wa makaazi wa Ziwa Kenyatta, wazee wetu waligawiwa. Mbona na sisi twalia? Hati peke yake haitoshi.

#9 Mzee wa Witu
Nyinyi vijana mwasahau pamba. Pamba ndiyo iliyokuwa na mpango: mbegu waletewa, dawa waletewa, na mnunuzi anajulikana.

#10 Kijana Hongwe
Mzee wangu, kila uzi lazima utupeleke kwenye pamba, hata ule wa bei ya samaki ulitupeleka! Lakini hapa nakuunga mkono. Msaada bila soko ni mzigo. Mwaka wa simsim nyingi bei huanguka wiki ile ile ya mavuno.

Wadau, na ule mradi wa KCSAP wa kilimo cha kuhimili tabianchi? Lamu ilikuwemo. ShambaHindi aanzie huko.

#11 Bwana Shamba Mstaafu
@Kijana Hongwe KCSAP ulikwisha muda wake. Hii ndiyo shida ya kutafuta mtandaoni, kurasa za mradi uliofungwa hubaki pale na zasomeka kana kwamba bado wapokea maombi. Kabla ya kujaza fomu yoyote uliza: mradi huu unafungwa lini?

#12 Mchu na Mkoko
Kichwa cha uzi kimesema na uhifadhi, nanyi mwazungumza mbolea tu. Lamu ndiyo yenye mikoko zaidi ya nusu ya Kenya nzima. Mpango wa taifa wa mikoko wa 2017 hadi 2027 wahesabu hekta 37,350 hapa kwetu kati ya 61,271 za nchi. Mkulima wa Hindi au Mkunumbi aliye karibu na hori anayo nafasi huku pia.

Sheria ya Misitu ya 2016 yaruhusu wakaazi waunde chama cha jamii cha msitu na kuingia makubaliano na KFS kuhusu kutunza na kutumia. Wanaokata boriti na mazio, nguzo za mikoko za kujengea, kwa kibali wamo, na wanaofuga nyuki mikokoni wamo. Kule Gazi, Kwale, jamii ya Mikoko Pamoja yauza hewa ya ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo mikoko yao hunasa, na pesa zimeingia kwenye maji na shule. Hekta zao ni kama 117 tu. Linganisheni na zetu.

Lakini tusidanganyane kuhusu miche. Siku ya mapumziko ya kupanda miti, 13 Novemba 2023, watu walijitokeza kwetu na magunia ya mbegu za mkoko. Mbegu ile ni ndefu kama rula, waichomeka ncha chini kwenye tope, imekwisha. Tulichomeka mchana kutwa kwenye fungu lililo wazi mbele ya bahari. Nilirudi kusi ilipoanza kuvuma. Hapakubaki hata mmoja, mchanga umesawazika kama umepigwa fagio. Pale mkoko hauwezi kukaa. Miti ya mikokoni ni aina nyingi: mbele kabisa kwenye maji hukaa mlilana, nyuma yake mkoko wenyewe, halafu muia na mkandaa, na mchu huwa nyuma kabisa karibu na nchi kavu. Mkata boriti yeyote angewaambia hilo, hakuna aliyemuuliza.

#13 Nahodha wa Faza
@Mchu na Mkoko kweli tupu, ila mchu hupatikana mbele pia. Kuna mahori kwetu ambako mchu ndio unaokutana na bahari, kisha waupata tena nyuma kwenye chumvi. Usije ukawafunza watu nusu.

#14 Mchu na Mkoko
Umenisahihisha vyema nahodha. Mchu una sehemu mbili, niliacha moja.

#15 ShambaHindi
Nawashukuru nyote, nasoma kila neno. Swali la haraka: mahindi yangu msimu uliopita yaliliwa na nyani robo nzima. Naweza kudai fidia?

#16 Gede Kwetu
Nyani hapana, ndugu. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina orodha ya wanyama wanaolipiwa fidia ya mazao na mali. Tembo yumo, nyati yumo, kiboko yumo. Nyani na tumbili hawamo. Sisi tunaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke tumelilia hilo siku nyingi, maana tembo huja usiku mara moja moja, tumbili huja kila siku na watoto wake.

Kwa tembo au nyati, toa taarifa KWS asubuhi ile ile kabla nyayo hazijafutika. Piga picha, weka kitu kando ya unyayo kama jembe au chupa ili ukubwa uonekane. Utajaza fomu, afisa wa kilimo akadirie hasara, kisha yaenda kwa kamati ya kaunti ya fidia. Usivune wala kulima upya kabla hajaja. Malipo huchukua muda mrefu, miaka hata, lazima niseme ukweli.

Huku Gede kilichopunguza uhasama na msitu si fidia, ni Kipepeo. Tangu 1993 wakulima wa pembezoni wafuga viwavi wa vipepeo mpaka wajifunge kwenye vifuko, na kuviuza vifuko hivyo kupitia mradi ulio chini ya Makavazi ya Taifa, vinasafirishwa nje ya nchi. Mama yangu alinilipia karo kwa vifuko vya vipepeo. Mtu anayekula kutokana na msitu ukiwa umesimama hatauwasha moto.

#17 Mzee wa Witu
Huku ni nyati. Nilidai, nikajaza fomu, fomu ikapotea afisini, nikajaza nyingine. Kwenye fomu ya pili nimeandika jina la marehemu mke wangu kama shahidi, alikuwa hai wakati ule. Bado nangoja. Wekeni nakala ya kila karatasi, wanangu. Kila karatasi, na muombe mhuri wa tarehe kwenye nakala yenu.

#18 Sabaki Mashariki
Mzee pole, Mungu amrehemu.

#19 Bwana Shamba Mstaafu
Mzee wa Witu amenikumbusha. Iko Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Raia yeyote aweza kuandika barua kwa afisi ya umma kuuliza: orodha ya walionufaika wadi yangu ni ipi, vigezo vilikuwa nini, dai langu limefikia wapi. Wanatakiwa wajibu ndani ya siku 21, na wasipojibu waweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua iwe ya heshima, fupi, swali moja au mawili. Nimewahi kuwa upande wa pili wa meza. Barua yenye tarehe na mhuri haikai chini ya faili kama maneno ya mdomo.

#20 Kijana Hongwe
Barua nzuri, lakini msimu haungoji siku 21.

#21 ShambaHindi
Mrejesho wadau. Jana nilikwenda kwa naibu wa chifu na kitambulisho. Akaniambia shamba hili limeshaandikishwa. Nikashangaa, na nani? Akasoma jina: la marehemu baba, na nambari yake ya simu.

Baba amefariki mwaka huu mwanzoni. Laini yake mama hakukubali ifungwe, huiwekea salio kidogo. Simu yenyewe iko kwenye kabati, imefungwa kwa leso. Nikaichukua, betri imekufa, nikaichaji jioni yote kwa sababu tundu lake limelegea, sharti uishikilie waya kwa kidole. Ilipowaka zikaingia jumbe nyingi, za rambirambi zilizochelewa, za watu waliokuwa hawajui. Katikati yake mbili za mbolea. Mifuko mitatu, jina lake kamili.

Kumbe siku zote nikizunguka afisi, msaada ulikuwa kabatini. Mama alilia, nami sikuweza kusema neno.

Sasa naibu wa chifu asema nisajiliwe upya kwa jina langu, lakini mfumo ukikataa kwa kuwa shamba ni lile lile, nitaambiwa nilete karatasi za urithi. Kaka zangu wawili wako Mombasa, hatujagawana. Je, yuko aliyewahi kupita hapa?

#22 Mama Korosho
Mungu amlaze pema. Kwanza msigombane na ndugu zako kwa mifuko mitatu, wapigie leo kabla hujaenda popote. Pili, kikundi chetu kina nafasi mbili. Twakutana Ijumaa baada ya Alasiri, chini ya mkorosho, si mbali na Hindi.

#23 MwanaMpeketoni
Binamu yangu alisajiliwa upya kama anayelima shamba la familia, bila karatasi za urithi. Lakini huyo chifu wake alimjua tangu mtoto.

#24 Bwana Shamba Mstaafu
Sijapenda kusikia hivyo, kwamba yategemea chifu kukujua. Kwangu mimi angeandikishwa kama mlimaji, umiliki ni mambo ya mahakama na ndugu. Lakini wengine watamtaka cheti cha kifo na barua ya familia. ShambaHindi, beba vyote viwili, na hiyo simu usiizime.

#25 Nahodha wa Faza
Na kama mifuko itatoka, usiende peke yako. Nipe siku, nami nina mzigo wa kupeleka kwetu, tugawane nauli ya pikapu, wewe ushukie Hindi, mimi niendelee hadi gatini.

#26 ShambaHindi
Nahodha, nitakujuza Jumatatu. Mama Korosho, Ijumaa nitakuja. Nije na nini?

#27 Mama Korosho
Kitambulisho, shilingi hamsini, na kalamu yako mwenyewe.